Krimu ya ganzi miguu mizima, tena chini ya nailoni: usijipake bado

"Nina miaka 27, uzito kilo 52. Wiki ijayo nina miadi ya kutoa nywele kwa leza, miguu yote miwili kuanzia magotini hadi vifundoni, pamoja na kwapa. Mhudumu wa saluni ameniambia ninunue tyubu mbili za gramu 30 za krimu ya ganzi, imeandikwa lidokaini asilimia 10. Nijipake nikiwa nyumbani, nijifunge nailoni ya kufungia chakula, nikae nayo saa mbili mpaka nifike kwao. Anasema ni dawa ya kupaka tu, haiingii mwilini kama sindano. Miguu huwa naipaka mkorogo, na nitanyoa asubuhi hiyo hiyo kama nilivyoagizwa. Mwaka jana nilipaka krimu kama hiyo kwapani na sikupata shida yoyote. Je, ni salama? Na jeli ya ganzi ninayompaka mwanangu wa miezi 8 fizi zikimsumbua, nayo ina tatizo?"

Dada yangu, kwa namna ulivyoelekezwa, si salama. Usijipake krimu hiyo miguu mizima, na nailoni usiifunge kabisa. Leza yenyewe bado unaweza kuifanya, na kwapa lina njia yake nitakayokueleza. Jeli ya mtoto iweke kando leo hii. Nitairudia huko chini.

Nianze na hilo neno la "kupaka tu", kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Krimu ya ganzi isingeingia mwilini, isingefanya kazi hata kidogo. Neva zinazobeba maumivu haziko juu ya ngozi, ziko ndani yake. Ili zizimwe, dawa lazima ipenye tabaka la juu kabisa, lile la seli zilizokufa zilizopangana kama vigae vya paa, ishuke hadi kwenye nyama hai ya ngozi. Huko huko chini ndiko iliko mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo kila mara dawa inapofika kwenye neva, sehemu yake huchukuliwa na damu. Jambo la kujiuliza ni kiasi gani kinachukuliwa, na kwa kasi gani.

Maumivu husafiri ndani ya neva kama umeme mdogo. Umeme huo huzalishwa na chembe za sodiamu zinapoingia kwenye neva kupitia vijimlango maalumu. Lidokaini huviziba vijimlango hivyo, ujumbe wa maumivu ukakatika njiani. Ni dawa nzuri, imetumika kwa miongo mingi, na ikitumika sawasawa madhara yake ni machache. Lakini vijimlango vya aina hiyo haviko kwenye ngozi peke yake. Ubongo unavitumia na moyo unavitumia. Lidokaini ikijaa kwenye damu haichagui, inaziba na huko. Ndiyo maana anayezidisha huanza kuhisi ganzi ya ulimi na midomo ambako hakupaka chochote, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu na kuona maluweluwe. Ikizidi hapo misuli hurukaruka, mwili hutukutika kama mwenye kifafa, kisha mapigo ya moyo hupoteza mpangilio au husimama.

Haya yameshatokea, tena katika hali inayofanana na yako karibu neno kwa neno. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25. Wote walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni, wakajifunga nailoni ili iwakolee, wakijiandaa kwa leza ya nywele. Wote walipatwa na mtukutiko, wakazimia kabisa, wakafariki. Krimu zao zilikuwa za kuchanganywa na maduka ya dawa kwa nguvu kubwa. Mwezi Machi 2024 mamlaka hiyo hiyo ilionya tena kuhusu krimu za ganzi za urembo na tatuu zenye lidokaini kupita kiwango. Kwao, krimu ya ngozi inayouzwa bila cheti cha daktari haitakiwi kuzidi asilimia 4. Yako ni 10.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 1 maana yake ni miligramu 10 za dawa katika kila gramu ya krimu. Asilimia 10 ni miligramu 100. Tyubu zako mbili ni gramu 60, yaani miligramu 6,000 za lidokaini. Daktari anayechoma sindano ya lidokaini isiyochanganywa na adrenalini huishia kwenye miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Kwako wewe wa kilo 52 ni kama miligramu 234. Ukigawanya utaona kwamba dawa utakayokuwa umejipaka ikipenya chini ya asilimia 4 tu, umeshafikia kipimo cha juu cha sindano. Nikiri kwamba ngozi huiachia dawa polepole, na ini huwa linaiondoa wakati huo huo, kwa hiyo si sawa na kuchomwa zote kwa mkupuo. Ahueni hiyo ipo pale ngozi ikiwa nzima, eneo likiwa dogo na muda ukiwa mfupi. Wewe umeambiwa uvunje yote matatu kwa pamoja.

Tulitazame eneo. Krimu ya ganzi iliyochunguzwa sana ni ile ya mchanganyiko wa lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5. Kwa mtu mzima anayejiandaa kwa leza ya nywele, kikomo chake ni gramu 60 juu ya ngozi isiyozidi sentimita za mraba 600. Karatasi moja ya A4 ina sentimita za mraba 624, kwa hiyo fikiria karatasi hiyo, pungufu kidogo. Njia nyingine ni kiganja chako pamoja na vidole, ambacho ni takriban asilimia 1 ya ngozi yako yote. Viganja vinne vinakufikisha kwenye kikomo. Miguu miwili kutoka magotini hadi vifundoni, mbele na nyuma, ni karibu sentimita za mraba 2,000, zaidi ya karatasi tatu. Gramu 60 ukizitandaza hapo kote utapata utando mwembamba ambao hautatia ganzi ya maana. Utahisi haijakolea, utaongeza tyubu ya tatu. Hivyo ndivyo watu wanavyozidisha bila kukusudia, kwa sababu eneo limekuwa kubwa mno kwa dawa ya aina hii.

Ndipo inapokuja nailoni. Ukiifunga juu ya ngozi, jasho linakosa pa kutokea. Vile vigae vya juu vinalowa, vinavimba na kuachia nafasi katikati yake. Chini yake joto linapanda na mishipa ya damu inatanuka. Dawa inapita kwa wepesi na damu inaizoa kwa wingi. Ongeza hapo safari ya daladala saa saba mchana, au jua la Mombasa ukiwa kituoni, na umejitengenezea jiko. Kuna krimu ambazo maelekezo yake yanataka zifunikwe kwa plasta maalumu, lakini huwa ni kipande kidogo, kwa mfano pale sindano itakapochomwa, na saa ya kuivua inajulikana. Ruhusa hiyo ya kufunika kiraka haihamishiki kwenye mguu mzima.

Kuhusu mkorogo nakusemesha bila kukulaumu, maana nimefurahi umeutaja. Wengi huuficha na mhudumu hajui anagusa ngozi ya namna gani. Mikorogo mingi ina dawa jamii ya steroidi, kama klobetasoli, na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi. Steroidi ikipakwa miezi na miaka huikonda ngozi. Lile paa la vigae linabaki jembamba, na krimu ya ganzi inapenya zaidi ya mahesabu ya mtengenezaji yeyote. Wembe wa asubuhi hiyo hiyo nao unakwangua safu ya juu na kuacha michubuko usiyoiona kwa macho. Na ngozi iliyochubuliwa ni rahisi kuungua kwa leza na kubaki na madoa. Ushauri wangu ni usogeze miadi mbele, umwone daktari wa ngozi akusaidie kuacha mkorogo kwa mpangilio. Ukikatisha ghafla baada ya kuutumia muda mrefu, ngozi huweza kuwaka, kuwasha na kutoka vipele, na watu wengi huurudia kwa sababu hiyo hiyo.

Kwamba mwaka jana hukupata shida, naamini. Kwapa mbili ni eneo dogo, ngozi yako ya huko pengine haikuwa na mkorogo, na sidhani ulizifunga nailoni saa mbili. Uzoefu ule haukupi kipimo cha miguu.

Kuna jambo jingine ambalo saluni nyingi hazilisemi. Kwenye leza, maumivu ni king'ora chako. Mwanga wa leza hutafuta rangi nyeusi ya unywele, na ngozi yetu nyeusi nayo ina rangi hiyo hiyo, kwa hiyo hunyonya joto. Mashine ikiwekwa kali kupita kiasi, mtu asiye na ganzi atapiga kelele kwenye pigo la kwanza au la pili na mhudumu atapunguza. Mguu uliokufa ganzi utakaa kimya mpaka malengelenge yatokee usiku. Kwa hiyo swali la kuwauliza kabla ya lolote ni aina ya mashine. Kwa ngozi nyeusi iliyo salama zaidi ni leza ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu inazama chini na kunyonywa kidogo na rangi ya ngozi ya juu. Ile ya alexandrite, ya nanomita 755, inahitaji tahadhari kubwa zaidi kwetu. Waulize pia kama mashine ina ubaridi wake kwenye kichwa, na kama watajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri siku kadhaa. Kama hawana majibu, tafuta kwingine.

Kwa miguu, basi, chaguo langu ni ubaridi bila krimu. Kichwa cha mashine chenye baridi, hewa baridi inayopulizwa, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika chache kabla ya kila sehemu, vinapunguza maumivu vya kutosha kwa watu wengi. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Unaweza kumeza parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, saa moja kabla, kama huna ugonjwa wa ini na hujameza dawa nyingine yenye parasetamoli. Unaweza pia kugawa kazi, leo mguu mmoja, mwingine wiki ijayo. Ukweli ni kwamba utaumia kidogo, kama kupigwa na mpira wa kufungia pesa, na maumivu hayo yanakwisha kila pigo likipita.

Kwapa ndiko krimu ina nafasi, ukiitaka, mradi ngozi ya huko haina mkorogo wala michubuko. Nunua kwa mfamasia aliyesajiliwa krimu iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako, iwe lidokaini asilimia 4 au ule mchanganyiko wa 2.5 kwa 2.5, yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ile ya kuagizwa mtandaoni, au ya kukopeshwa kwenye kikopo kisicho na lebo, iache. Hujui ndani mna nini. Nyoa siku moja kabla. Siku yenyewe safisha kwa maji na sabuni, kausha. Ukitumia krimu ya mchanganyiko, gramu 1 kutoka kwenye tyubu ya gramu 30 ni mstari wa kama sentimita 3.5, nayo inatosha sentimita za mraba 10. Pima eneo ambalo leza itapita kweli, si kwapa lote na pembeni yake. Weka utando mnene bila kuusugua, maana kusugua kunaumaliza. Andika saa uliyopaka. Kwa mchanganyiko huo ganzi huanza baada ya dakika 60 hivi na kushuka kama milimita 3. Huhitaji zaidi ya hapo. Ni vizuri zaidi upakie kwenye kliniki penye mtu wa kukuangalia kuliko kupaka nyumbani na kusafiri peke yako.

Muda ukifika, futa yote kwa karatasi laini kisha kitambaa chenye maji, kausha kabisa kabla mwanga haujapiga. Ngozi ikipauka au ikawa nyekundu pale ulipopaka, usitishike, ni mishipa ya damu na hurudi yenyewe. Nawa mikono, usiguse macho, kwa sababu jicho lenye ganzi hujikwaruza bila kujua. Baada ya hapo usioge maji ya moto wala kupaka kitu chochote kikali mpaka hisia zirudi. Na kama siku hiyo hiyo una miadi ya daktari wa meno, mwambie. Sindano yake mara nyingi ni lidokaini vilevile, na mwili hujumlisha.

Wapo wasiopaswa kuigusa bila kuonana na daktari: mwenye ugonjwa wa ini, mwenye tatizo la mapigo ya moyo au anayemeza dawa zake kama amiodaroni, na aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya dawa ya ganzi. Mjamzito naye aulize kwanza. Prilokaini na benzokaini, ambazo nazo ni dawa za ganzi, zina hatari yao ya pekee: huweza kuibadili himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, iwe ya aina isiyoweza kuibeba, iitwayo methimoglobini. Damu huwa na rangi ya chokoleti na mtu huishiwa pumzi ilhali mapafu yake ni mazima. Walio karibu zaidi na hatari hiyo ni watoto wachanga, wenye upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ambao kwenye maeneo yetu ya malaria si wachache, na wanaotumia dapsoni, primakwini au dawa za salfa kama kotrimoksazoli, ile wengi wanaiita Septrin na wengine huimeza kila siku. Ukiwa mmoja wao, chagua krimu ya lidokaini pekee, au acha kabisa.

Kwa sababu ya hiyo hiyo methimoglobini nimekwambia uache jeli ya mwanao. Jeli nyingi za fizi zina benzokaini au lidokaini. Benzokaini haitakiwi kwa mtoto chini ya miaka 2. Kuhusu lidokaini ya asilimia 2 ya mdomoni, mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia taarifa 22 za watoto wa kati ya miezi 5 na miaka 3 na nusu waliopata madhara makubwa, wengine wakafariki, ikaagiza isitumike kwa kuota meno. Utando wa ndani ya mdomo hauna vigae vya kuuzuia kama ngozi, dawa inaingia upesi. Mate nayo yanaisafisha ndani ya dakika chache, mtoto analia tena, mama anapaka tena. Nyingine anaimeza, koo linakufa ganzi na anaweza kupaliwa na maziwa. Msugue fizi kwa kidole safi, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi akitafune ukimwangalia. Akiwa na homa kali au anaharisha, usiyasingizie meno. Mpeleke kituo cha afya apimwe, malaria ikiwamo. Na yeyote atakayekwambia ana "meno ya plastiki" yanayopaswa kung'olewa, mkimbie na mtoto wako.

Kama umeshapaka, wewe au mtu wa nyumbani, na ukahisi ganzi ya midomo, masikio kuvuma, kizunguzungu au misuli kurukaruka, usisubiri ipite. Vua nailoni, futa krimu yote, osha kwa maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Usikae peke yako wala usiendeshe gari. Nenda hospitali yenye idara ya dharura hata kama unajisikia nafuu, kwa kuwa dawa iliyokwishazama ndani ya ngozi huendelea kuingia kwenye damu baada ya kufuta. Kwa methimoglobini, kwenye ngozi nyeusi tazama ndani ya midomo, fizi na kucha: zikiwa za kijivu au bluu, ni dharura. Mtu akitukutika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Hospitalini taja jina la dawa, asilimia, gramu ngapi, saa ya kupaka na uzito wake, na uwape tyubu yenyewe. Sumu ya lidokaini ina dawa yake, emulsheni ya mafuta ya asilimia 20 inayoingizwa mshipani. Methimoglobini nayo ina methilini bluu, ambayo ni hatari kwa mwenye upungufu wa G6PD, kwa hiyo kama unajua anao, liseme hilo mapema.